Kinda

Siku ya kwanza fundi Singano hakuniuliza jina.
Alitazama viatu vyangu, soli haijajua tope,
akasema, "Haya, kinda, lete mkanda."
Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka,
cheko la mtu aliyekanyagwa na mgeni.

Wiki tatu nikashikilia ngazi.
Nikatumwa chapati Barabara ya Nane,
nikahesabu koleo, nikakunja waya.
Nguzo zote za Ngamiani nilizijua kwa miguu yake,
kwa kichwa sikujua hata moja.

Alhamisi, Barabara ya Kumi na Mbili, giza tangu alfajiri.
Bi Mwanakombo, mwenye friji ya samaki,
anatuita majina tusiyopewa na wazazi.
Fundi akakata laini, akapima, akapima tena,
akanivika kofia yake.
"Panda."

Mguu wa kushoto ulisahau zamu yake.
Nikahesabu vidato kwa Kidigo,
kama bibi anavyohesabu nazi, bila haraka,
asije akapunjwa.

Juu, kiota cha kunguru:
uzi wa mkonge, kijiko cha chai, spoku za baiskeli,
na waya wetu wenyewe,
ule niliogombezwa kwa kuupoteza.
Ndani makinda matatu, vipara,
midomo wazi, myekundu hadi kooni.
Hayana aibu ya kutojua.
Yanadai tu.

"Unaona nini huko?"
Nilitaka kusema fyuzi. Nilitaka kusema kiota.
Ulimi ukateleza:
"Wenzangu!"

Mtaa mzima uliangua kicheko.
Fundi baiskeli akadondosha spana.
Singano peke yake hakucheka. Alingoja kelele zipoe,
kisha akasema, taratibu, kama anaongea na nguzo:
"Kibebe chote. Kiweke pale pembeni mwa paa.
Usiwaangushe.
Mimi siku yangu niliwaangusha."

Mama mtu akaja kwa hasira.
Alinigonga kichwani, tena, na tena,
nami mikono miwili imejaa
roho zisizonijua.

Friji ilipoguna, Bi Mwanakombo alinyamaza.
Nikashuka magoti yakitetemeka, nikavua kofia.
Tukaitazama pamoja:
michubuko mitatu mipya, myeupe,
kando ya ile ya zamani
ambayo siku zote nilidhani ni uchakavu.

Akaivaa bila kuifuta.
"Haya, kinda," akasema,
"kesho Makorora."