Dakika Nne

Sampuli ya kwanza nimeikata kwenye mkuo
kabla haujaonja nyundo.
Nimeisugua ikawa kioo, nikaipaka tindikali,
nikahesabu hadi kumi na mbili, nikaisuuza kwa spiriti.
Chini ya hadubini: wavu.
Kabidi nyeupe zimeshikana mikono
kuizunguka kila punje, kama barafu ya Januari
kingoni mwa mto Meža.
Wavu mgumu, usiojua kupinda.
Patasi ya chuma hiki ingevunjika siku ya kwanza.

Ya pili ilitoka tanurini, nyuzi elfu moja na mia moja,
ikapita mikononi mwa Baba.
Chuma kikunje kingali chekundu, husema,
na nyundo ya tani tatu humwitikia
hata vikombe vyetu, ng'ambo ya yadi, vikatetema.
Hapa wavu umechanika. Kabidi zimelala safu safu
kufuata chuma kilikovutwa,
na katikati yake punje kuukuu zimepondwa, zikafa,
zikazaliwa upya papo hapo,
ndogo kuliko unga,
kabla pigo la pili halijashuka.

Ya tatu ndiyo kesi.
Mteja wa Graz ameturudishia kalibu imepasuka,
na Bwana Pungartnik anataka ripoti kabla ya saa nane.
Nazungusha lenzi.
Kabidi zimekatika palepale zilipo,
na kando ya kila kipande pana shimo jeusi,
tundu la sindano.
Chuma hiki kilisubiri.
Kilipoa hadi mia nane na arobaini, ndipo kikapigwa.

Daftari la zamu: Jumanne, saa tatu na dakika kumi usiku,
nyundo imesimama dakika nne.
Mwandiko wa Baba, umeinama kulia.
Sababu: simu.

Nakumbuka. Theluji magotini,
nimesimama mlangoni na njaa na hasira zangu:
Baba, ufunguo umeuweka wapi?
Nikarudia mara tatu, maana masikio yake
yameliwa na nyundo miaka thelathini.
Chini ya chungu cha maua, Zalka. Chini ya chungu!

Naandika: joto lilishuka kabla ya mapigo ya mwisho.
Naandika nyuzi. Naandika ukubwa wa punje.
Penye "sababu" kalamu inasimama,
wino unaacha nukta, nukta inanenepa.

Naandika jina langu.
Ng'ambo ya yadi nyundo inaanza tena,
na kahawa yangu inapata mawimbi.