Kilo Mia Saba na Kumi

Tulikipima kwenye mzani wa malori pale Mafinga.
Karani akachungulia dirishani:
"Hiki gari, au mmeleta kuku?"
Kilo mia saba na kumi,
na mimi nimo ndani na kanga yangu.

Siti za nyuma zimekuwa kochi la mama mkwe, Kinyanambo.
Redio ililiwa na tairi mbili,
kuukuu, ila zina meno.
Sakafu Kihwele aliikwangua lami kwa patasi
usiku kucha, akaijaza kwenye ndoo, akaninyanyulia:
"Kilo nne, Edista. Kilo nne ni mlima mzima."

Nyagawa wa mbao alikuja na lake.
Likinguruma, vioo vya duka vinaitikia.
Bei yake ungejenga zahanati,
ukabakiwa na chenji ya rangi.

Kutoka Nyololo, barabara imenyooka,
alitupita
kama tumeegesha.

Lakini Kibao kuna kona,
na kona haiulizi una shilingi ngapi.
Mimi nasoma daftari, kidole kwenye mstari:
kushoto tatu, inabana,
daraja la magogo,
kulia mbili, usikate, kuna kisiki.
Mbele yetu taa zake nyekundu zinawaka mapema,
zinawaka tena,
mtu anateremka mlima na gunia kichwani.
Sisi tunateremka mikono mitupu.

Kisha mvua. Kisha ule udongo mweusi wa kwenye chai.
Yeye aliingia mtaroni kwanza.
Sisi tukamkwepa,
tukaingia pembeni yake.

"Kamwene!"
Wachuma chai sita, matenga mgongoni.
Wakayatua. Mmoja akatemea viganja.
Nikafungua mlango nishuke, akaniambia,
"Kaa tu dada, huongezi kitu,"
wakakibeba kama benchi la kanisani,
wakakiweka barabarani.

Wakaliendea la Nyagawa.
Wakalishika. Wakatazamana.
Wakachukua matenga yao.

Tulimaliza wa nne.
Wa nne hana kombe, ana soda.

Jioni trekta la shamba likamleta,
tope hadi magotini.
Hakusalimia. Akakizunguka kigari chetu,
akainama, akashika bampa ya nyuma,
akanyanyua.
Kikanyanyuka.

Akakirudisha chini polepole,
kama mtoto wa mtu.