Hesabu ya Kura, Edgerly

Sanduku ni la mbao, kazi ya babu yake Orrin Thibault,
lina mwanya juu wa kupitisha karatasi
na kengele inayolia kila kura ikidondoka.
Leo imelia mara mia mbili na kumi na nne.
Nimeihesabu milio. Sasa nahesabu karatasi,
maana mimi ni karani wa mji huu
na karani haliamini sikio lake.

Swali lilikuwa refu, limejaa "endapo" na "kwa mujibu wa".
Kwa lugha ya jikoni lilikuwa hivi:
tubaki kwenye bodi moja na miji mitatu ya bondeni
au tujitoe, na shule yetu mkononi?

Shule yenyewe ni madarasa manne, boila linalokohoa,
watoto thelathini na mmoja,
na Maude Kittredge anayefundisha kusoma, kugawanya,
na kufunga kamba za viatu vya theluji.
Bodi ilikuja Novemba na chati za rangi.
Wakatamka, kwa upole, "kuunganisha".
Sisi tukasikia "kufunga".

Dakika hamsini na tano kwa basi hadi Wexler,
kabla jua halijaamka huku kaskazini ya Maine.
Mtoto wa Dufresne hutapika kwenye kona ya kiwanda cha mbao
kila Jumanne. Kila Jumanne!
Kwenye chati hapakuwa na safu ya matapishi.

Mkutanoni Hollis Varney alisimama na kofia yake:
"Umoja ni nguvu, sikatai. Nauliza tu, nguvu ya nani?"
Tukapiga makofi hadi madirisha yakatetemeka.
Kisha Agathe, aliyehamia juzi, ambaye hatujamzoea,
akauliza bila kusimama:
"Na paa? Nani atalipa paa?"

Nimeandika kumbukumbu za mikutano miaka kumi na tisa.
Sijui kimya kinavyoandikwa.
Niliandika: *Hoja ya paa ilitolewa.*

Na kuna deni la jumba la michezo la Wexler
tulilolitia saini pamoja, kwa kalamu ileile.
Tukitoka, fungu letu litatufuata nyumbani
kama mbwa wa jirani aliyezoea kulishwa.
Wengine wameiita talaka. Lakini nani hupewa talaka
akarudi alfajiri kuazima gari la kusukuma theluji
kwa mtalaka wake?

Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Ndiyo.
Karatasi moja imechorwa kuku. Nimeiweka kando.

Dada yangu Corinne amekaa kwenye bodi, upande wa Wexler.
Tulilala kitanda kimoja hadi nikatimiza miaka kumi na minne,
miguu yake baridi ikitafuta yangu.
Wiki nzima amepiga simu mara moja,
akiulizia bakuli lake la kioo.
Nikamwambia lipo, halina ufa.
Hakuniuliza nitapigaje kura.
Sikumwambia kwamba penseli ilikaa hewani
muda mrefu kuliko inavyostahili penseli ya karani.

Sheria inataka theluthi mbili.
Mia moja arobaini na tatu.
Nimehesabu mara mbili, nikamwita Orrin, akahesabu naye,
akilowesha kidole kwa ulimi.
Mia moja arobaini na tatu.

Haina ziada hata ya mtoto.
Maana yake kila aliyesema ndiyo ndiye aliyetutoa,
peke yake, kwa mkono wake:
Hollis, Maude, yule mzee mwenye kuni,
yeyote aliyeshika penseli ikakaa hewani.

Orrin amezima taa za nyuma. Anasema tumeshinda,
kwa sauti ya mtu anayesoma bei dukani.
Juu ya dari theluji inajisogeza, na mimi nasikiliza
paa ambalo tangu saa mbili usiku huu ni letu.

Kesho nitavuka daraja kumpelekea Corinne bakuli.
Mama hakurudisha chombo cha watu kitupu.
Kwenye stoo bado kuna tofaa za vuli,
zimekunjamana kidogo, tamu.
Nitalijaza.
Kama hatafungua mlango nitaliacha kizingitini,
na sahani juu, kwa ajili ya upepo.