Alhamisi, Saa Kumi na Mbili na Nusu

Tunavua viatu katika chumba cha nyuma ya kanisa,
jozi kumi na moja zinavuja maji ukutani.
Mvua ya Blaenau haijui kubisha hodi;
imeingia nasi, imekaa kwenye makoti.

Delyth anavua herini. Bibi Prydderch anatoa funguo,
sarafu, leso, peremende
iliyolala mfukoni tangu mazishi ya mwaka jana.
Kila mtu anatafuta cha kupunguza
kabla ya kupanda kile kibao cha chuma
kisichojua jina la mtu.

“Na pete?” Delyth aliniuliza siku ya kwanza.
Nikasema haitoki, kidole kimeimeza.
Sikusema: hata ingetoka.
Ioan aliivisha kidole chembamba cha miaka ishirini na miwili.
Kama ina uzito, ipimwe nami.

Miaka thelathini nimepikia watoto wa shule,
nikakwangua masufuria ya wali wa maziwa,
ukoko ukiwa ujira wangu wa siri.
Ioan alipoondoka niliendelea kupika vya wawili
na kula vya wawili.
Huzuni haina mdomo; iliazima wangu.

Wiki sita za mwanzo nilipungua ratili tisa.
Walinipigia makofi, nikaona haya, nikayapenda.
Kisha Krismasi.
Kisha siku ya kuzaliwa ya Ioan, iliyokuja bila mwenyewe.
Nilimwokea keki, nikaila kwa kijiko, nimesimama,
taa ya jokofu ikinitazama.

Alhamisi ile sikwenda. Wala iliyofuata.
Nilijiambia yaliyomwagika hayazoleki,
nikajizolea biskuti.

Ya tatu, mlango uligongwa.
Emrys: mwanamume pekee katika kundi letu,
aliyepasua mawe ya kuezekea hadi magoti yakamgomea,
mtu wa maneno saba kwa siku.
Nyuma yake mbwa, mviringo kama mto wa kulalia, anahema.
“Daktari wa wanyama anataka apungue.
Nikimtoa mimi, hatembei. Labda wewe.”

Nilikuwa na majibu tayari
kwa yeyote atakayeniulizia uzito wangu.
Kwa mbwa sikuwa nalo hata moja.

Tulipanda njia ya machimbo, kati ya vifusi vya kijivu.
Kwenye lango la kondoo, Taten akaketi.
Nami nikaketi. Emrys naye, kwa shukrani isiyofichika.
Hakusema jikaze. Hakusema mwanzo ni mgumu.
Alimenya chungwa taratibu, kama mtu anayefungua barua,
akanipa nusu.
“Nimeongezeka mbili,” alisema.
“Mimi nne, nadhani. Mizani ya nyumbani nimeificha.”
“Wapi?”
“Chini ya kitanda.”
“Yangu iko kwenye banda la makaa.”
Tulicheka hadi kondoo wakasogea.

Siku hizi, saa nne usiku, simu hutetemeka:
Delyth. *Uko jikoni?*
*Niko.*
*Hata mimi. Tutoke.*
Nazima taa. Ng'ambo ya bonde
naona dirisha lake nalo likizima.
Usiku mwingine halizimi,
naye kesho yake hunieleza alikula nini, bila kuulizwa,
nami namsikiliza kama ninavyosikilizwa.

Leo nimepanda. Nusu ratili.
Nusu! Uzito wa pande la siagi,
na kazi ya wiki nzima, na milima miwili.
Bibi Prydderch amepiga makofi kana kwamba nimezaa mapacha.

Nikafunga viatu nimeinama, nikaona:
pete inazunguka kidoleni.
Delyth ameona. Safari hii hakuuliza.
Amefungua mkoba wake wa ushonaji,
akakata uzi mwekundu,
tukauzungusha kwa ndani, mara nane, tisa,
mpaka ikashika.

Nje, Taten anatungoja kwenye mvua,
amefungwa kwenye nguzo,
anatafuna kitu.
Hakuna ajuaye amekipata wapi.