Kazi ya Herufi Tatu

Mwalimu Mkuu alinifuata Barabara ya Kumi na Mbili,
akaegemeza baiskeli kwenye mabango yangu mabichi,
akasema: milango mitatu, herufi tatu,
rangi nyeupe ya mafuta, zisomeke tokea getini.
Darasa la sita tunaligawa upya.
Vipanga A, wa kati B, na hawa wengine...
Hakumaliza. Akahesabu fedha.

Nikapokea. Ada ya mwanangu haijui aibu.

Leo Jumamosi, shule tupu, Makorora.
Ngazi ya kuazima, mguu mmoja mfupi,
nimeuwekea kigae.
A haina shida: miti miwili inakutana juu kama paa,
katikati unailaza mtambaapanya.
B ina matumbo mawili, la chini lizidi kidogo.
C ndiyo ngumu. Watu hawajui.
Mkono ukitetemeka inakuwa mundu,
au sikio.

Ndani ya sikio hilo nilikaa miaka miwili.

Mwaka ule vuli iling'oa bati la ofisi,
majina yakasomwa uwanjani, kwa sauti.
Mwantumu Kiluvia, wa dawati langu tangu la kwanza,
akaitwa A. Akachukua mkoba,
akachukua na rula yetu,
rula ya kuchangia, sumni yangu na sumni yake.
Hakugeuka. Labda jua lilikuwa machoni.

C tulikuwa sabini na mmoja, madawati kumi na manane.
Kitabu cha jiografia kilitufikia hakina jalada
wala Afrika Magharibi.

Lakini nisiseme uongo nikiwa juu ya ngazi.
Huko C ndiko alikokuwa Mwalimu Mdoe,
mtu wa Lushoto, sweta mwilini hata mwezi wa pili.
Wenziwe walifuta ubao sijamaliza kunakili tarehe.
Yeye alingoja.
Nusu, robo, thumni, alinifundisha kwa chungwa la Muheza:
akamenya, akagawa, akangoja tena.
Siku niliyoelewa, tulilila somo.

Je, angeweza kungoja vile
Mwantumu akiwa pale pale, hesabu kesha zimaliza,
anachora maua pembezoni mwa daftari?
Sijui. Swali hilo nimelipiga rangi mara nyingi,
bado linatokeza.

Ninalolijua ni hili:
chungwa liliisha, herufi ikabaki.
Muuza duka akinirudishia chenji
aliihesabu mara mbili, polepole, kwa sauti.
Barua ikija kutoka Mombasa, mjomba aliniruka
akamwita mdogo wangu aisome.
Nami nilikuwa najua kusoma.

Juzi nimekutana na Mwantumu soko la Mgandini,
anachagua bamia, anazivunja ncha.
Nikamtania kuhusu rula. Hakucheka.
"Ninyi C mlikuwa mkicheka hadi tunawasikia," akasema.
"Sisi kila muhula tulikuwa tunahesabiana,
nani atashuka.
Mimi nilitapika kila asubuhi ya mtihani.
Mama alidhani ni minyoo."

Karibu na ofisi ipo methali niliyoiandika mwenyewe
enzi za mwalimu mkuu mwingine:
Mwenda pole hajikwai.
Imefifia, "pole" imebaki "po".
Hawakuniita kuirudia.

Basi nimeteremka, nimezitazama kwa mbali, getini,
kama alivyotaka. Zimenyooka. Zinasomeka.
Kopo la mafuta halijafunguliwa.
Nimekoroga chokaa na maji ya bombani,
nikazipaka zote tatu, A nayo,
na wingu la masika limekwisha kukaa upande wa Amboni.
Fedha nimeila. Hiyo iandikwe kwa jina langu.

Mlinzi anapita, ananusa, anauliza
mbona rangi hii haina harufu.
Namwambia ni ya kisasa.