Sitini na Mbili

Saa tisa za usiku, kiwanda cha karatasi, kaskazini mwa Ufini.
Theluji imefika madirishani.
Skrini inasema: tangi la nne, joto sitini na mbili.
Saa nane ilisema sitini na mbili.
Hata saa saba.

Eevamari anaiacha kahawa ipoe.
Kipimo kilicho hai hutetema,
hupanda nukta, hushuka nukta,
kama mtoto aliyeambiwa asimame wima.
Hiki kimetulia mno.

Anashuka ngazi za chuma, tochi mdomoni.
Ndani ya kabati, lango la mawasiliano,
mkalimani wa mitambo mikongwe na mipya,
linawaka kijani bila haya.
Kebo ya upande mmoja imelegea.
Limeacha kusikia, halikuacha kusema;
linakariri neno la mwisho lililopewa
na chumba cha juu kinaitikia.
Kimya kina mshindo, lakini hiki
ni kimya kinachoongea.

Tangi lenyewe: themanini na tisa.
Rojo linatokota.

Anafunga vali kwa mkono. Anakaza skrubu.
Kisha anaandika amri
ambayo Hautala, hadi anastaafu, aliiona ya woga:
hesabu mapigo; yakikosekana matatu
futa namba, weka alama ya kuuliza,
zima mvuke.
Afadhali kusema sijui
kuliko kusema la jana.

Alfajiri, buti zingali miguuni,
anampigia kaka yake Oulu,
ambaye tangu talaka, kila Jumapili,
hujibu "salama tu",
sauti ileile.

Simu inaita.
Inaita.