Mbali Sana

Nililipiga chapa mwenyewe, hapa Mwanga,
ombi la Bwana Ntahondi: kurasa mbili, elfu tatu.
"Tunaomba tusamehewe turubai,
tusamehewe na kusakafia shimo.
Mzigo ni tope tu la jenereta,
na dampo letu liko mbali na makazi."
Akasema, ongeza "sana" baada ya "mbali".
Nikaongeza.

Kidole gumba chake kiliacha alama nyeusi pembeni.
Nikaifuta, ikaenea.

Jibu halijaja. Lori halikungoja jibu.
Usiku lilishuka kuelekea Katonga, taa zimezimwa,
na asubuhi, baada ya manyunyu,
Nyamwiza wangu ananiita, miguu mitupu:
"Mama, njoo uone!
Upinde wa mvua umedondokea dimbwini!"

Mbali sana.
Niliandika mimi.